Kwa Mama Mkwe Aliyenikanyagia Breki

Mama mkwe wangu,

Najua mkwe hamwandikii mama mkwe barua ndefu. Humtumia salamu kupitia binti yake, akaongeza sukari kilo mbili, basi. Lakini mwaka umekwisha tangu tukuzike, na siku ile nilipopewa kipaza sauti upande wa wakwe nilisema yale yale ambayo kila mkwe husema: kwamba ulikuwa mtu wa bidii, mcha Mungu, mpenda wageni. Watu wakaitikia, nikaketi. Na kweli ulikuwa hayo yote. Ila sikusema hata neno moja juu ya breki, na kama mimi na wewe tulikuwa na jambo letu wawili hapa duniani, Mama, jambo hilo lilikuwa breki.

Leo ni Alhamisi. Jumamosi naenda tena kule nje ya Nairobi, kwenye uwanja wa mashindano ya magari, ambako sisi wenye kichaa cha magari huikodi barabara yao siku nzima na kuizunguka. Gari langu, ile Probox, iko uani hapa Githongo, imepandishwa juu ya magogo. Nimefungua kifuniko cha mafuta ya breki, ile harufu ikanipiga, nikakukumbuka mpaka nikaweka spana chini na kuja kutafuta kalamu.

Kwanza, pole kwa ile nepia, yale majani ya ng'ombe wako.

Wageni wako wote waliingia kwa lango. Sisi tuliingia kupitia shamba. Siku ile tulikuwa tunakuja kukuona, mimi, Wawira wako na mtoto wetu Makena, ambaye alikuwa bado hajaanza darasa la kwanza. Mwezi uliokuwa unakuja ndio nilikuwa niende uwanjani mara yangu ya kwanza, na kiongozi wa kikundi chetu alikuwa ametuandikia kwenye simu kwamba dereva wa kweli huchelewa kukanyaga breki. Anasubiri kona ikaribie kabisa, ndipo anakanyaga kwa nguvu. Sasa wewe waijua ile barabara ya kutoka Chuka kuja Runyenjes, inavyoteremka mtoni, ikapanda, ikateremka tena. Niliona nimeletewa shule bila karo.

"Baba Makena, hiyo kona umeiona?" Wawira aliniuliza.

"Nimeiona."

"Sasa mbona hujaanza kusimama?"

"Ndiyo nangoja."

Alishika mpini wa mlango mpaka tulipoacha lami na kuanza kuteremka ile njia ya udongo mwekundu kuja kwako. Hapo nikakanyaga breki, na mguu ukaenda mpaka sakafuni bila kupata upinzani wowote. Nikakanyaga tena. Sakafu tena. Lango lako likatupita upande wa kulia, nikaliona vizuri kabisa, hata nikaona umelipaka rangi mpya. Tukakata kona pasipokuwa na kona, tukaingia nepia, tukailaza mistari minne au mitano, na gari likasimama lenyewe hatua chache kutoka zizi la ng'ombe wako. Ng'ombe alinyoosha shingo, akaanza kula nepia iliyokuwa juu ya boneti.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, Mama. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani, na yangu yalikuwa yameunywa tangu siku niliyolinunua gari, kwa sababu sikuwahi kuyabadilisha. Ukikanyaga breki sana zinapata moto, yale maji ndani ya mafuta yanachemka, yanakuwa mapovu, na mguu wako unabaki kukamua mapovu badala ya kusimamisha gari. Swali hilo nimelitoa kwenye mtihani mara tatu. Wanafunzi wangu wengi hulipata.

Ulitoka jikoni na unga mikononi. Katika familia yenu uthoni unashikwa sawasawa: mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawaketi benchi moja, hawatazamani usoni. Katika miaka saba ya ndoa yangu ulikuwa umezungumza nami kupitia ukuta, kuku, na mara moja kupitia sufuria. Siku hiyo ulimtazama ng'ombe, ukamwambia, "Mwambie mgeni lango liko upande ule."

Wawira alishuka, akamshusha mtoto, akachukua mkoba wake. Hakupiga kelele. Wawira akipiga kelele najua ni hasira ya saa moja tu. Akisema polepole, hiyo ni ya msimu mzima. Alisema polepole: "Mimi na mtoto tunabaki kwa mama. Hiyo gari ikijifunza kusimama, utakuja utuambie."

Nilirudi Githongo kwa basi peke yangu, na majani ya nepia kwenye kola.

Sijui kama Wawira aliwahi kukueleza wiki hiyo ilivyokuwa upande wetu. Mke akirudi kwao, kumrudisha si kuja kupiga honi langoni. Lazima wazee waende, waketi, wajieleze. Baba yangu aliniita chini ya paa la kibanda cha kahawa akaniuliza, "Umempiga?" Nikasema hapana. "Umelewa ukamtukana?" Hapana. "Uko na mwingine?" Hapana, baba, ni mafuta ya breki. Akasema yeye hajui wazee ambao huenda kwa jambo kama hilo, na akarudi kuchambua kahawa.

Kule nyumbani cherehani ya Wawira ilikaa kimya na kitambaa cha mtu kikiwa kimeshonwa nusu. Mwenye kitambaa alikuja mara mbili, mara ya pili nikajificha jikoni. Nilipika mayai asubuhi na jioni. Nilikuwa na hofu, Mama, hofu ya kweli, kwamba mwanamke niliyempenda ameona kitu kwangu ambacho hawezi tena kuacha kukiona.

Alhamisi ya wiki hiyo ulinipigia simu wewe mwenyewe. Ilikuwa mara yako ya kwanza, na nilisimama mbele ya darasa la wanafunzi arobaini nikapokea kwa mikono miwili.

"Baba Makena."

"Ndiyo, Mama."

"Hiyo gari utakuja kuitengenezea hapa kwangu, nikiona. Na usilete fundi."

"Kwa nini, Mama?"

"Fundi anaweza kunidanganya. Wewe huwezi."

Ukakata simu. Nikarudi ubaoni nikagundua nimesahau nilikuwa nafundisha nini.

Jumamosi nilifika mapema, safari hii kwa lango, nikiwa na gunia begani. Ndani kulikuwa na diski mbili mpya, zile sahani za chuma ambazo breki huzibana, nilizochaguliwa na fundi mmoja wa mtaa wa Majengo, pedi za breki zinazovumilia joto kuliko zile za kawaida, mafuta mapya ya breki, mpira mwembamba unaoonyesha ndani, na chupa tupu ya soda. Asubuhi yote nilifanya kazi peke yangu. Nilifunga diski, nikafunga pedi, nikang'oa na yale mabati ya kuzuia vumbi nyuma ya diski ili upepo wa njiani upite kuzipoza. Wawira alipita uani mara kadhaa na ndoo. Kila alipopita nilijifanya naelewa ninachofanya, na mara nyingi nilikuwa naelewa.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuondoa mafuta ya zamani na kutoa upepo kwenye mabomba, na kazi hiyo, Mama, haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anakaa kwenye usukani anakanyaga. Mwingine analala chini kwenye gurudumu, anafungua nati ndogo, mafuta na mapovu yanatoka, anafunga, ndipo yule wa juu anaachia mguu. Wa juu akiachia kabla wa chini hajafunga, breki inavuta upepo upya na mnaanza mwanzo.

Nilimwomba Wawira. Alisema bila kusimama, "Mguu wangu hauingii hiyo gari." Shemeji yangu Njeru, mwanao, alikuwa Mombasa. Majirani wote walikuwa wameenda mazishini. Nilikaa kwenye jiwe na spana yangu namba kumi, nikifikiria kama mtu anaweza kukanyaga kwa kutumia fimbo.

Ndipo ulipotoka. Ulivua gambuti pale mlangoni, ukanawa miguu kwa maji ya moto na sabuni, ukajipangusa kidole kwa kidole, ukafunga kitambaa chako cha kanisani, ukapanda kwenye kiti cha dereva. Ulishika usukani kwa mikono miwili ukatazama mbele, kwenye zizi.

"Ni gani?" uliuliza.

"Ya katikati, Mama."

Sasa mkwe kulala chali mbele ya mama mkwe, miguu nje, ni aibu ambayo hata jina haina. Tulingoja kidogo, kila mmoja akitafuta njia. Ghafla gunia likanirukia kutoka mlango wa jikoni. Wawira alikuwa amelirusha bila neno. Nikajifunika kuanzia kiunoni kwenda chini, nikaingia kwenye gurudumu la nyuma kushoto.

Tatizo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Katika kazi hii anayelala chini ndiye huamrisha. Anasema "Kanyaga!" na "Achia!" kama sajini. Mimi nimwambie mama mkwe "Kanyaga!"? Nilisema, "Mama, kama hutajali, naomba tafadhali ukanyage kidogo." Ukakanyaga. Nikafungua. Nikasema, "Ahsante sana, Mama, sasa kama nimefunga, na naona niko karibu kufunga, tafadhali unaweza—" na kabla sijamaliza ulikuwa umeachia, na mapovu yakarudi kwenye mpira mbio. Tulifanya hivyo mara tano. Mara ya sita niliongeza "ukipenda."

Sauti yako ikashuka kupitia sakafu ya gari.

"Baba Makena. Hiyo heshima yako inaingiza upepo."

"Samahani, Mama."

"Sasa mimi ndio nitasema. Nikisema chini, ni mguu uko chini, ufungue. Nikisema funga, ufunge. Mimi siachii mpaka uniambie umefunga. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Chini."

"Nimefungua."

"Funga."

"Nimefunga, Mama."

Ilikwenda kama maji. Tangu uondoke nimefanya kazi hiyo na mafundi wenye uzoefu wa miaka ishirini na hakuna aliyekanyaga sawasawa kama wewe, bila pupa, bila kuchoka. Uliuliza kwa nini tumeanza na gurudumu hilo, nikakueleza kwamba ndilo liko mbali zaidi na chupa ya mafuta. Ukasema ni sawa, hata ukiita watu kula unaanza na walio shamba la mbali.

Tulipohamia nyuma kulia ulitaka kujua ninaenda wapi na gari lenye breki ghali namna hiyo.

"Siendi mahali, Mama. Tunazunguka uwanja."

"Halafu?"

"Halafu tunarudi pale pale tulipoanzia."

"Mbuzi wa Mama Ireri hapo jirani hufanya hivyo kila siku," ulisema, "na hana mafuta mapya. Chini."

Nilicheka mpaka spana ikaniteleza, na nilisikia na wewe unacheka, kwa pua, kama mtu anayejizuia kanisani. Hatukuwahi kucheka pamoja kabla ya hapo. Nadhani ni kwa sababu hatukuonana. Ulikuwa juu na mimi chini, chuma chote kile kati yetu, na uthoni haukuwa na la kusema.

Kwenye gurudumu la tatu, la mbele kushoto, ulikanyaga mara mbili. Halafu ukauliza, kwa sauti ile ile ya kazi, "Hiyo siku Wawira alikuuliza kama umeona kona. Ulimsikia?"

Nilitazama juu, kwenye udongo mwekundu uliokauka chini ya gari.

"Nilimsikia, Mama. Nilidhani najua kuliko yeye."

"Mm," ulisema. "Chini."

Mbele ya wazee sita na chai mezani nisingeweza kusema maneno hayo. Nisingeweza hata kumwambia Wawira mwenyewe wakati huo. Nilikuambia wewe, na mafuta ya zamani yakinidondokea kwenye sikio.

Tukafika gurudumu la nne, la mbele kulia. Tulikuwa tumemaliza mapovu, mafuta yanatoka safi, mara Wawira akasimama mlangoni akasema, "Chakula kiko tayari." Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu siku nzima yasiyohusu mguu wake. Na mkwe akiitwa kula kwa wakwe, hachelewi. Nilifunga haraka, nikarudisha gurudumu, nikatupa gunia, nikaenda kunawa. Ulikuwa umechinja jogoo. Ulikula jikoni, mimi nikala sebuleni peke yangu, na kila mara nilisikia Makena akikusimulia jikoni jinsi babu wa Githongo anavyokoroma.

Baada ya chakula nilikueleza, kupitia kwa Makena, kwamba pedi mpya lazima zizoeshwe moto kabla ya kuaminiwa. Unaendesha hadi kilomita themanini kwa saa, unakanyaga kwa nguvu mpaka gari likaribie kusimama, lakini lisisimame, unaondoka tena kwa kasi. Mara kumi. Ukisimama kabisa pedi zinaacha alama kwenye diski na kazi imeharibika. Ulisema unakuja ushuhudie. Ulipanda nyuma, upande wa kushoto, mbali na mimi iwezekanavyo, na trei ya mayai mapajani kwa sababu kulikuwa na mtu Runyenjes aliyeagiza.

Na hapo ndipo elimu yangu yote ilipoonyesha upungufu wake. Vitabu vya breki vimeandikwa na watu wa nchi ambazo gari likipunguza mwendo, limepunguza mwendo tu. Kwetu Probox ikipunguza mwendo, inachukua abiria. Mara ya kwanza nilipokanyaga, akina mama watatu wenye magunia ya makadamia waliinuka kando ya barabara wakakimbia. Walipofika mlangoni nikaondoka kwa kasi. Mara ya pili ilikuwa vijana wa mpira, mmoja akashika hata mlango. Nilikuwa naenda na kurudi kipande kile kile cha lami, kwa hiyo wale wa mara ya kwanza nikawakuta tena mara ya nne, nikawafanyia vile vile. Mzee wa kanisa lenu, mwenye gunia la parachichi, alitukimbilia mara tatu. Mara ya tatu alikuwa ameshavua kofia.

Wewe ulikuwa umeshusha kioo. Kila mara ulimpungia mkono mtu aliyeachwa na kumweleza kwa upole, "Hatusimami, tunazoesha." Hakuna aliyeelewa. Jioni ile habari iliyofika sokoni ilikuwa kwamba mkwe wa Mama Njeru, baada ya kukataliwa mke, sasa amembeba mama mkwe na anakataa kumshusha. Yalipasuka mayai mawili tu. Uliyahesabu mwenyewe, ukasema ulitegemea zaidi.

Tulirudi polepole bila kugusa breki ili zipoe. Wawira alikuwa kwenye ua, amejifunga leso, akijifanya anaanua nguo.

"Ilisimama?" alikuuliza.

Na wewe, Mama, uliyekuwa hujawahi kusema uongo hata kwa mtoza kodi, ulimjibu, "Haikusimama hata mara moja."

Nilifungua mdomo. Nilitaka kueleza habari ya pedi na alama na diski, lakini uliinua mkono, nikafunga mdomo. Ukashuka, ukampa Wawira mayai, ukaenda ukasimama katikati ya ile njia ya mteremko, mbele ya lango lako.

"Panda mpaka juu kwa shule," ulisema. "Uteremke kama ile siku. Mimi niko hapa."

Nilikataa. Nilisema tuweke debe, tuweke gogo. Ulisema, "Gogo halijakukanyagia breki mchana kutwa, mimi nimekukanyagia." Ukapanga mikono kifuani. Wawira aliacha nguo zikaanguka.

Nilipanda, nikageuza, nikateremka. Nilipokuona mdogo vile katikati ya njia, na kitambaa chako cha kanisani, nilikanyaga mapema kiasi kwamba gari lilisimama mbali sana na wewe.

"Baba Makena," uliita. "Huko ni kwa Mama Ireri. Kwangu ni hapa."

Nikarudi juu. Mara ya pili nilikuja na mwendo wa kweli, nikakanyaga mahali pa kweli, na Probox ikainamisha pua ikasimama hatua tatu kutoka kwako. Vumbi likatupita. Lilipotulia ulikuwa unanitazama usoni. Katika miaka yote hiyo hukuwahi. Ulikuwa na macho ya Wawira, yale yale, nami sikuwa najua. Kisha ukapiga boneti makofi mawili kama ungempiga ng'ombe aliyetoa maziwa vizuri, ukaenda zako. Wawira aliokota nguo akaingia ndani.

Sasa nakuja kwa lililonifanya niandike.

Mkwe halali nyumba ya mama mkwe, kwa hiyo nililala ndani ya gari, miguu ikitokea dirishani. Asubuhi kulipopambazuka nilishuka kujinyoosha, nikaona gurudumu la mbele kulia lina unyevu kwa ndani. Niligusa. Yalikuwa mafuta ya breki. Nikavua gurudumu, na ile nati, Mama, ile ya gurudumu la nne, nilikuta imefungwa kwa vidole tu. Niliposikia chakula kiko tayari niliacha spana. Nilikuwa nimemwendesha mama wa watu mara kumi barabarani, kisha nikamwelekezea gari mara mbili amesimama, na breki moja ikivuja.

Nilikaa chini kwenye umande. Nilikaza ile nati. Halafu nikavua magurudumu mengine yote, moja moja, nikakaza, nikapangusa, nikaongeza mafuta, nikakanyaga mara thelathini na kwenda kupapasa kila nati kama imevuja tena. Hakuna aliyeniona. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Baadaye Wawira alitoka na mkoba, na Makena amevaa sweta. Aliketi mbele, akafunga mkanda. "Twende," alisema, "na uende polepole." Ulitupungia mkono ukimtazama kuku.

Mwezi uliofuata Probox ilikwenda uwanjani katikati ya magari yanayokaribia kugusa lami, yenye sauti kubwa, na madereva wao wakatucheka asubuhi nzima. Ilipofika alasiri mawili kati ya yale magari yalikuwa yameegeshwa yakitoa moshi magurudumuni, na mimi bado nazunguka. Mkufunzi wa pale uwanjani aliuliza nani alinitolea upepo. Nikasema mama mkwe. Akacheka, akadhani namficha fundi wangu. Nilipokupigia simu jioni uliuliza, "Mlifika?" Nikasema tulirudi pale pale, Mama. Ukasema, "Asante Yesu."

Kutoka hapo, kila mara kabla ya uwanja nilileta gari Runyenjes, na ulinawa miguu ukapanda. Miaka mitano. Kati ya "chini" na "funga" tuliongea mambo ambayo sijaongea na mama yangu mzazi. Mara nyingi nilitaka kukuambia habari ya ile nati. Kila mara niliogopa kwamba ukijua, utaona nilikuibia binti yako. Kwa sababu niliamini ni ule mtihani wa langoni uliomrudisha, na mtihani wenyewe ulikuwa na udanganyifu ndani yake, na mimi ndiye yule uliyesema hawezi kukudanganya.

Nimeandika mpaka hapo, Mama, na Wawira yuko nyuma ya kiti changu anasoma. Sikumsikia akiingia. Nimetaka kufunika karatasi, nikaona nimechoka kufunika.

Amesoma mpaka mwisho. Amevuta kiti akaketi.

"Alikuona," amesema.

"Nani?"

"Mama. Alikuwa zizini anakamua. Alikuona na hiyo gurudumu, vile ulikaa chini, vile ulifungua zote nne tena. Mimi nilikuwa jikoni, nimeshaamua sirudi. Hata hiyo mambo ya kusimama barabarani ilikuwa imeniudhi zaidi, nyinyi wote wawili."

"Alijua ilikuwa inavuja?"

"Alijua umepata kitu kibaya. Alikuja na ndoo ya maziwa akaniambia, 'Ameangalia kazi yake tena, na hajui namwona. Panga nguo za mtoto.'"

Nimemuuliza kwa nini hamkuniambia miaka yote hiyo. Amesema ulimkataza. Ulisema nikiambiwa nitaanza kuangalia ili nionekane.

Nilikuwa nimepanga kumaliza kwa kukuomba msamaha, Mama. Sasa nimebaki na shukrani tu, na nalia hapa mezani mtu mzima na wino unaharibika. Kwa desturi yetu mkwe hana mahali pa kumwambia mama mkwe kwamba anampenda. Nilikupenda. Binti yako amenisikia nikilisema kwa sauti, na amenishika bega.

Pumzika huko uliko, mahali ambapo hakuna atakayekulazia nepia kwa gari.

Mkwe wako,
Baba Makena